Nakala kwa Bwana Mkubwa

Kutoka Rumonge mpaka Nyanza-Lac, kando ya ziwa linalotutenga na Tanzania, hapakuwa na mtu mwenye mwandiko kama wangu, na hapo najipunguzia. Mwalimu wetu wa shule ya usiku alikuwa akiliinua daftari langu juu na kuwaambia wenzangu watazame, wasiguse. Tulisoma miaka mitatu kwa taa za mafuta ya mawese, zilizotoa moshi hata tukahitimu weusi kuliko tulivyoingia, na cheti changu kilipigwa mihuri miwili wakati wengine walipata mmoja. Mchana nilikuwa fundi wa baiskeli, kibarazani kwetu katika mtaa wa Waswahili wa Rumonge, hatua chache kutoka sokoni. Mtu akija na mnyororo uliokatika na ndoa iliyokatika, nilimuungia mnyororo, kisha nikamwandikia mkewe barua. Wanawake watatu walirudi kwa waume zao kwa ajili ya barua zangu. Wapo wanaosema ni mmoja.

Naanza na mwandiko huo kwa sababu ndio uliowapandisha wanaume wa Kizuka, kilima kilicho juu ya Rumonge, kwenye malori mwaka wa sabini na mbili. Sipendi msomaji afike katikati ndipo ashtuke. Majina yao niliyaandika mimi, mstari baada ya mstari, na nakala yake niliipeleka ofisini kwa miguu yangu mwenyewe, siku hiyo nimevaa viatu.

Niliyaandika kabla ya uhuru, mwaka wa kura kubwa. Vyama vilikuwa vingi nchini, lakini kwetu mashindano yalikuwa ya viwili: chetu, cha karatasi ya buluu, na chao, cha karatasi ya njano, ambacho machifu walikipenda kama mboga ya kwao. Mwenyekiti wetu wa tawi alikuwa mkamuaji wa mawese wa Kizuka, mrefu, mpole, mikono myekundu ya mafuta hadi viwikoni, asiyeweza kumdanganya hata mnunuzi. Alikuja kwangu mara ya kwanza na baiskeli. Mara ya pili alikuja bila baiskeli, akaniambia chama kinatafuta mtu wa kalamu. Nilikubali kabla hajakaa.

Siku ya kura kila mtu alipewa karatasi mbili, ya buluu na ya njano, na anvelopu moja. Unaingia nyuma ya mkeka, ya chama unachokitaka unaitia ndani ya anvelopu, ile nyingine unaitupa ndani ya kikapu kilichowekwa humo humo. Unatoka na anvelopu yako, unaitumbukiza sandukuni mbele ya macho ya wote. Ndivyo tulivyoelezwa, na mimi kama msomi nilifanya hivyo hivyo. Buluu kwenye anvelopu, njano kikapuni.

Watu wa Kizuka hawakutupa.

Ili mtu aelewe hilo inabidi ajue kwamba vilima vile vilikuwa na sheria moja ambayo hakuna serikali iliyoiandika: karatasi yenye kashe, yaani muhuri, haitupwi. Karatasi ya kodi ndiyo iliyowafundisha. Tarishi alikukamata njiani, akakuuliza karatasi ya mwaka huu, kisha ya mwaka jana, kisha ya mwaka ambao hata yeye alikuwa bado ananyonya, na ukikosa moja unafungwa kamba. Baba yake mwenyekiti alichapwa fimbo kwa sababu ya karatasi iliyoliwa na mchwa. Tangu hapo kila nyumba ilikuwa na mwanzi uliozibwa kwa kizibo cha mgomba, umening'inizwa juu ya jiko ili moshi ufukuze mchwa, na ndani yake mlikuwa na kila kitu kilichowahi kugongwa muhuri: kodi, chanjo, kibali cha kuchinja mbuzi wa marehemu babu. Sasa mtu wa namna hiyo unampa karatasi mpya, safi, ina kashe ya serikali, unamwambia itupe kikapuni. Aliinamisha kichwa kwa heshima, akaikunja, akaitia kiunoni, akaenda nayo kwake.

Sanduku la kura lililala kwa chifu. Asubuhi tukaambiwa tumeshindwa, na kwamba Kizuka nzima imetupatia kura ambazo ningeweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja na bado nikashika kijiko. Ndugu za mwenyekiti peke yao walikuwa wanajaza banda la kukamulia. Tulilalamika kwa chifu, akacheka. Tulilalamika komine, ofisi ya serikali ya eneo letu, wakatuuliza tuna ushahidi gani. Hatukuwa nao. Mwenyekiti alirudi nyumbani akakaa juu ya pipa, akiutazama moto.

Mkewe ndiye aliyetuokoa, kama neno ni hilo. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyesimamia ukamuaji kuliko mume wake. Siku hiyo aliushusha mwanzi kutafuta karatasi ya kodi, na ile ya njano ikadondoka. Akaiokota, akaigeuza huku na huku, akamuuliza mumewe, "Kama hii iko hapa, ingine iko wapi?"

Mwenyekiti hakuelewa.

"Walikupa mbili. Moja iko mukononi yangu. Ingine ulitia sandukuni ao ulikula?"

Yule bwana aliniambia baadaye kwamba alisimama kwa haraka hata pipa likaanguka. Maana hesabu ilikuwa wazi hata kwa mbuzi: mwenye njano nyumbani aliipigia kura buluu. Kila mwanzi wa Kizuka ulikuwa shahidi. Kura zetu zilizoibwa zilikuwa zimeacha kivuli juu ya majiko, zikikauka kwa moshi.

Tukaamua kupeleka malalamiko kwa mataifa ya dunia, yaliyomkabidhi Mzungu nchi yetu. Siku tatu nilikaa chini ya banda lake la mawese na meza ya kukopa, na watu wakaja na mianzi yao begani kama askari wa zamani wenye bunduki. Nilipanga hivi: jina la mtu, jina la baba yake, kilima chake, mahali nyumba yake ilipo, kisha kidole gumba. Karatasi ya njano tuliibandika kando kwa utomvu. Niliandika kwa mfuatano walivyofika: wa kwanza mwenyekiti mwenyewe, wa pili shemeji yake, wa tatu jirani wa kisimani, wa nne mzee wa jicho moja, na kuendelea hivyo mpaka wino ukaisha, tukachanganya masizi na mawese, vidole vikaendelea. Kila mmoja alibonyeza mara tatu, kwa sababu nakala zilikuwa tatu. Kurasa zile zilipendeza hata ningetaka kuzikwa nazo.

Akina mama pia walikuja na karatasi zao. Mwenyekiti akasema mataifa yatatosheka na wenye nyumba, wasije wakadhani tunawahesabu watu mara mbili. Mkewe alikasirika sana. Alisema kura aliipiga yeye, na kidole ni chake. Siku ile hakutupikia.

Na mimi sikuwemo. Njano yangu nilikuwa nimeitupa kikapuni kama nilivyoamriwa, na asiye na njano hakuwa na cha kubandika. Watu wa kilimani walinionea huruma. Mzee wa jicho moja alinipigapiga bega, akaniambia elimu nayo ina hasara zake.

Nakala ya kwanza, yenye karatasi za njano zenyewe, tuliituma kwa posta kwenye ile nyumba ya mataifa ng'ambo ya bahari, ambako tulikuwa tumesikia kwamba mtu mdogo akilalamika mtu mkubwa huitwa kujibu. Ya pili mwenyekiti aliiweka kwake. Ya tatu ndiyo kosa langu.

Shule ya usiku ilinifundisha kwamba barua ya serikali isiyokuwa na neno "nakala" chini yake ni barua ya sokoni. Kwa hiyo chini ya malalamiko yetu, upande wa kushoto, kwa herufi ndogo zilizopinda vizuri, niliandika: Nakala kwa Bwana Mkubwa. Maana yake yule Mzungu aliyetawala upande wetu, ambaye askari wake ndio waliolinda sanduku lililolala kwa chifu.

Mwenyekiti hakujua kusoma, lakini aliniomba nimsomee mpaka chini. Nilipofika kwenye nakala akaninyamazisha kwa mkono. "Fundi, tunamupelekea mwizi majina ya walioibiwa?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba ndio utaratibu, kwamba mataifa yakiona hatukumjulisha mtawala yatatuona washenzi, watu wasiojua kushitaki. Nilimweleza kwa muda mrefu. Mwishowe akasema basi, wewe ndiye ulisoma.

Wajumbe wa mataifa walikuja kweli, wawili, na mkalimani wao, wakakaa nusu siku katika ukumbi wa komine. Hilo nitalikumbuka hata nikisahau jina la mama yangu: tuliita dunia, na dunia ikaja na kofia ya jua. Mwenyekiti alivaa koti la harusi ya kaka yake. Alieleza vizuri, kwa utulivu. Mjumbe mmoja akauliza karatasi za njano ziko wapi. Tukasema tumewatumia ninyi. Akasema hawajaziona. Ndipo Bwana Mkubwa, aliyekuwa amekaa pembeni akitabasamu, akatoa faili lake, nakala yangu, akaiweka mbele yao, na mjumbe akaanza kufunua kurasa. Naapa alisimama kidogo kutazama mwandiko.

Kisha akauliza, kupitia mkalimani, karatasi hizo za njano zilitokaje ndani ya chumba cha kura.

"Tulitoka nazo," mwenyekiti akasema.

Mliambiwa mzitupe? Tuliambiwa. Mbona hamkuzitupa?

"Iko na kashe, Bwana."

Mkalimani alihangaika na jibu hilo. Alilijaribu mara mbili, na kila mara wajumbe walitazamana. Bwana Mkubwa hakuhangaika. Alisema, na tukatafsiriwa, kwamba sheria ya kura inakataza kutoka na karatasi nje, kwamba watu hawa wameungama wenyewe kosa lao, kila mmoja kwa jina na kidole, na kwamba angeweza kuwafunga wote, ila kwa huruma yake atalihifadhi faili tu. Wajumbe wakaandika. Halafu wakaenda kula mukeke, samaki wa ziwa letu, wa kuchoma. Waliondoka kabla ya jua kuzama, na mwenyekiti alisimama barabarani akiwapungia mpaka vumbi lilipotua.

Hakuna jibu lililokuja. Uhuru ulikuja, tukapiga ngoma, mimi nikacheza hata kiatu kimoja kikapotea, na bado jibu halikuja. Mwenyekiti alikuwa akishuka Rumonge kila siku ya soko, anauza mafuta, kisha anapita posta. Karani wa posta alikuwa akitikisa kichwa tangu yeye yuko mlangoni. Chama chetu kilikufa kama vingine, mambo ya nchi yakawa machungu, watu wakubwa wakauawa huko juu, na watu wa vilimani wakajifunza kutosema. Nilimwambia aichome ile nakala yake. Alinishangaa. Mataifa yakija tena, alisema, yatataka kulinganisha, na sisi tutakuwa na nini?

Sasa niseme lile ambalo sikulisema kwa mtu kwa muda mrefu. Miaka mingi baada ya uhuru niliitwa komine kutengeneza baiskeli ya tarishi. Mzungu alikuwa amekwenda kwao zamani, lakini kabati lake lilibaki, na lilikuwa wazi. Mle ndani nililiona jalada letu. Nililijua kwa mgongo wake. Ofisini hapakuwa na mtu. Nililitoa, nikalifunua, na vidole vya Kizuka vikanitazama, safu kwa safu, vya wino kwanza, kisha vya masizi. Ningeweza kulitia ndani ya mfuko wangu wa spana. Lingeingia vizuri.

Nililirudisha. Nilijiambia ni woga, kwa sababu mwizi wa faili la serikali hafungwi, huzikwa. Woga ulikuwepo. Lakini nilikaa nalo mkononi muda mrefu kuliko mtu mwoga anavyokaa, nikiusoma ule ukurasa wa kwanza, na kilichonizuia ni kwamba katika maisha yangu sikuwahi kuandika kitu kizuri kama kile, na pale kabatini palikuwa mahali pake. Nikafunga kabati vizuri ili panya wasiingie.

Mwaka wa sabini na mbili, masika yakielekea kwisha, walitokea kwanza waasi wenye mapanga. Waliua barabarani na majumbani, wakaua majirani zetu ambao hawakuwa wametenda lolote ila kuzaliwa. Kisha likaja jeshi, na jeshi liliua kwa siku nyingi zaidi. Kwa kawaida yangu ningetia chumvi hapa. Sijui ningeitia wapi. Mtaani kwetu walichukua watu kwa sababu ya kofia, kwa sababu ya kusema Kiswahili, kwa sababu ya kuwa na redio. Nilifunga kibaraza na kukaa ndani na spana zangu.

Baada ya siku kadhaa gari lenye kipaza sauti likapita likitangaza kwamba amani imerudi, waliojificha watoke, na wenye kuitwa majina wafike komine kusajiliwa. Tarishi akapanda Kizuka na karatasi. Kesho yake asubuhi mwenyekiti alinibishia mlango. Alikuwa amevaa lile koti. Mkewe alikuwa nyuma yake, na chini ya kwapa la mume palikuwa na nakala yetu imefungwa kwa jani la mgomba.

Alinisalimu amahoro kama siku yoyote. Akaniambia anaitwa. "Mimi wa kwanza. Wa pili shemeji. Wa tatu yule wa kisimani. Wa ine mzee wa jicho moja." Aliendelea kuhesabu kwa vidole, na kadiri alivyoendelea mimi nilianza kusikia jina linalofuata kabla hajalitamka. "Unasikia, Fundi? Wanaita vile uliandika."

"Nasikia."

"Basi jibu limefika."

Nilimwambia asiende. Nilimvuta ndani, nikamwambia kwamba majina hayo hayakutoka kwa mataifa, yametoka kwenye nakala niliyompelekea Bwana Mkubwa.

"Bwana Mukubwa alirudi kwao zamani."

"Kabati lake lilibaki."

"Kabati haina mudomo," akasema.

Ndipo nikamwambia kwamba nililiona faili hilo humo kabatini, kwamba nililishika. Mkewe aliinua uso akanitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Mwenyekiti ndiye aliyeuliza.

"Ulikuwa nalo mukononi, ukalirudisha?"

"Nililirudisha."

"Ulifanya vizuri," akaniambia, akanigusa bega, yeye ananifariji mimi. "Kama ungeliiba, leo wangetuita namna gani?"

Mkewe alimshika koti kwa nyuma. Hakupiga kelele. Alisema mara moja tu kwamba watu wanauawa, mume wangu, macho yako hayaoni? Naye akajibu kwamba anaona, na ndiyo sababu mataifa yamekuja, kwani huwa yanakuja kukiwa na nini, harusi? Sijui kama aliamini. Nimelifikiri neno hilo miaka mingi, nikitembea, nikiziba pancha, nikiswali. Mtu aliyengoja barua moja miaka kumi, siku akiitwa kwa mfuatano wa barua ile ile, labda hana tena nguvu ya kuamini kitu kingine. Labda pia alijua kwamba asipokwenda watampandia Kizuka, na nyumbani kuna mkewe.

Nilikwenda nyuma yao mpaka kona ya soko, si zaidi. Kutoka pale niliona uwanja wa komine. Tarishi alisoma, na kila aliyesomwa alijibu, akapita mbele, kama siku ya kugawa vyeti. Askari alimpokonya mwenyekiti ule mzigo wa jani la mgomba, akaufungua, akalinganisha karatasi yake na ya mwenyekiti, kwa kidole, mstari kwa mstari. Zilikuwa sawa. Nilizinakili vizuri. Malori yalikuwa mawili. Mzee wa jicho moja alishindwa kupanda, wakamwinua. Yalichukua barabara ya kaskazini, na jioni ile yalirudi matupu.

Watu niliowaacha nje ya orodha ndio waliobaki hai: wanawake, kwa sababu mataifa yangetosheka na wenye nyumba, na mimi, kwa sababu ya kikapu.

Tulivuka ziwa siku chache baadaye, mimi, mke wa mwenyekiti, ambaye tangu hapo tulimwita mama mwenyekiti, na wengine, katika mtumbwi wa wavuvi wa ndagala uliobeba watu kiasi kwamba samaki walitukimbia wakidhani ni kisiwa. Mwanawe mmoja tu, mwanamume mzima, alikuwa akivua Nyanza-Lac, na Nyanza-Lac ilikuwa imeungua. Hatukujua kama alivuka. Mama hakuzungumza na mimi mtumbwini. Alizungumza na mtu mwingine, kuhusu maji yaliyokuwa yanaingia.

Upande wa Tanzania walitupokea vizuri, Mungu awabariki, na baada ya muda wakatupeleka kwenye kambi iliyokatwa msituni, mbali na ziwa, penye mbung'o na ardhi nzuri. Hapo akatokea karani wa kutoka pwani na daftari kubwa. Kila familia isajiliwe ipate chakula na shamba: jina, jina la baba, jina la mume, kilima ulikotoka. Alikuwa kijana mwema, amechoka, akauliza nani anaweza kuandika amsaidie. Watu wote wakanitazama. Nikakaa mezani.

Wa kwanza kwenye foleni nilimjua tangu utoto wake. Nikamuuliza jina, kwa desturi. Akanitazama machoni akanitajia jina la aina ya ndizi. Jina la baba akalitaja Jembe. Nikaandika. Aliyefuata alijiita kwa Kirundi Kisu, mwana wa Chungu. Karani wa pwani hakujua Kirundi, akasema majina yenu ni mazuri. Nikaandika. Foleni nzima ilipita mbele yangu hivyo, watu niliowatengenezea baiskeli, niliowaandikia barua za mapenzi, wakijibatiza upya kwa vyombo vya jikoni, na hakuna aliyecheka. Nilielewa kwamba hawakuwa wakimficha karani. Walikuwa wakiyaficha majina yao mbali na kalamu yangu.

Mama mwenyekiti alipofika akasimama wima. Alitaja jina la mti. Nikamuuliza jina la mume. Akasema, "Hakukuwa na mume." Niliandika hivyo kwa mwandiko wangu bora, kisha mwisho wa ukurasa nikajiandika mimi mwenyewe, na mimi pia nilidanganya.

Miaka miwili ikapita, pengine mitatu. Siku moja nilikuwa nimekwenda kijiji cha pili kuziba matairi. Niliporudi karani akaniambia kwamba kulikuja kijana, mvuvi wa Nyanza-Lac, ametembea kutoka kambi nyingine, miguu imepasuka, anamtafuta mama yake. Alitoa jina lake, la mama yake, la baba yake, Kizuka, kila kitu. Karani alipekua daftari lote, kurasa zote. Alinisifu: mwandiko ule unasomeka kama kitabu kitakatifu, hakuwa na haja ya kubahatisha. Majina hayo hayakuwemo. Kijana akauliza kama ana hakika. Akasema ana hakika. Kijana akashukuru, akaondoka. Hayo yalikuwa ya juzi.

Nilichukua baiskeli nikaenda hadi njia panda, siku mbili, nikiuliza kila mwenye kibanda. Huko njia zilikuwa nne.

Nilimwambia mama. Nilidhani atanipiga, na nilisimama karibu ili asisumbuke. Aliweka jembe chini, akaenda moja kwa moja ofisini, akamwambia karani abadilishe jina lake, aandike lile la kweli, na la mume, ili akipita tena amwone. Karani hakukasirika. Alisema inawezekana, ila kanuni inataka mashahidi wawili waliosajiliwa, wanaomjua kwa jina hilo tangu kwao.

Siku hiyo ilikuwa ya mgao, foleni ilijaa hadi nje. Wote walimjua. Walinunua mawese yake, walikula kwake. Nikajitokeza mimi, nikasema namjua, na nikataja jina langu la kweli. Karani akatazama daftari, akaniuliza mbona humu umeandikwa kwa jina jingine. Nikasema nilidanganya. Akashusha pumzi, akasema basi na wewe tafuta mashahidi wako kwanza, fundi.

Akainua sauti, akaiuliza foleni nani mwingine anamjua mama huyu. Watu walitazama mifuko yao ya unga. Siwalaumu. Kila ambaye angefungua mdomo angefungua na jina lake, na la mumewe, na la kilima, nami nilikuwa pale pale na kalamu.

Mama alingoja. Alingoja mpaka karani mwenyewe akaona haya, akajifanya anachonga penseli. Kisha akanigeukia, na tangu asubuhi ile ya Rumonge ndiyo mara ya kwanza aliniuliza kitu.

"Ulisema alikuja kwa miguu?"

"Kwa miguu."

"Yote mbili?"

"Karani alimwona. Yote miwili."

"Basi iko anatembea," akasema. Akachukua unga wake, akaweka kidole gumba palipoandikwa jina la mti, akatoka.